Koo za kimangi hapa Moshi, mchoraji naye anakula!

Wakuu, habari za humu. Leo mtanisamehe lugha, nina hasira.

Mimi mchoraji, kijiwe changu kipo Majengo, Moshi. Ukoo mmoja wa kimangi, yaani wa machifu wa Kichaga (siutaji, wenyewe wanajijua), ulinipa kazi ya kumchora babu yao aliyetawala enzi za Mjerumani. Rangi za mafuta, turubai kubwa la kutundika sebuleni, nusu ya pesa mbele. Picha ya kuangalizia sasa! Wameipiga kwa simu ikiwa bado kwenye fremu, flashi imetua juu ya jicho la kushoto. Jicho hilo nimelichukua kwa mjukuu wake.

Nikachora. Mzee kajitanda ngozi za pimbi, uso umekaushwa na jua la mlimani, ndewe zimevutwa mpaka karibu na mabega. Hizo ndewe zilinitesa, maana nyama ya sikio ikivutika hivyo mwanga unapenya, usipopata wekundu wake inakuwa kamba tu.

Nikarusha kwenye grupu lao. Shangazi mtu: "Mbona mweusi hivyo?" Mwingine wa Dar: ziba hayo masikio, anatuaibisha. Baba mdogo aliyeko Ulaya ndiye kanimaliza: mvue ngozi, mvike taji "kama King Charles". Taji! Mangi gani alivaa taji la almasi?

Na hao Waingereza mnaowaiga, Malkia Elizabeth alichorwa na Lucian Freud kati ya 2000 na 2001. Kapicha hakafiki hata sentimita 25, kidevu kizito, uso umechoka. Magazeti yalimponda mchoraji, na picha ipo mpaka leo kwenye hazina ya kifalme. Taji kweli liliongezwa, Freud akaunga kipande cha turubai juu ili litoshe, lakini yule mama taji alikuwa nalo! Huyo Charles wenu naye, Jonathan Yeo kamzamisha kwenye wekundu mtupu, na 2024 Charles akaifunua mwenyewe mbele ya kamera.

Sasa nusu iliyobaki hawalipi. Eti "hafanani". Hafanani na nani, wakati hakuna hata mmoja wenu aliyemwona? Uchifu ulifutwa 1963 ila amri bado mnatoa. Mweka hazina wa ukoo hapokei simu, kwenye status yupo na pombe ya mbege.

Juzi mtalii wa Kijerumani kaulizia bei, masikio hakuyasemea kitu. Wanasheria wa humu, nijibuni: kianzio kimeishia kwenye rangi na turubai, hii picha ni ya nani?