Ushauri: nataka uamuzi wa awali wa forodha kabla sijalipia mzigo China

KkooMchakato:
Wakuu habari za muda huu. Nataka kuagiza pawa steshini toka Guangzhou, zile betri za lithiamu zenye mshikio juu, ndani kuna inveta, mbele soketi na matundu ya USB, unachaji kwa sola au umeme wa ukutani. Sasa kila wakala wa kugomboa mizigo ninayemuuliza ana namba yake ya HS (ile ya kupanga bidhaa kwenye ushuru), mmoja anasema 8507 hiyo ni betri tu, mwingine 8504 kisa inveta, wa tatu ananiambia andika sola haina ushuru. Nasikia unaweza kuwaandikia TRA wakakupa jibu kabla mzigo haujaja, ni kweli? Na nikiuliza si ndo watanipiga asilimia kubwa?

Wakala_Kurasini:
Mkuu ipo kabisa, kifungu cha 248A cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, unamwandikia Kamishna. Ila andika MAPEMA, mzigo ukishafika bandarini mkaanza kubishana umechelewa. Weka katalogi, picha za nje na ndani, betri inatunza umeme kiasi gani (Wh), inveta wati ngapi, inachajiwaje. Barua watakayokujibu inakulinda kwa kile ulichoeleza tu, ukieleza betri ukaleta betri yenye inveta haikusaidii kitu. Na usibandike namba ya HS ya muuzaji wa China, tarakimu 6 za mwanzo ndo za dunia nzima, sisi tunatumia 8.

MamaHesabu:
Hapo pa kuogopa kuuliza sikubaliani kabisa. Chukua mzigo wa milioni 20 pamoja na freti na bima. Ushuru ukiwa 10% ni milioni 2, halafu VAT 18% inapigwa juu ya 22, jumla 5.96. Ukiwa 25% jumla inaruka mpaka 9.5, na hapo tozo nyingine sijagusa. Bora ujue leo upange bei au uache biashara, kuliko kujua kontena likiwa bandarini storeji inahesabu.

Msee_wa_Kilindini:
Soma maelezo ya Sura ya 85 ya kitabu cha ushuru kwanza boss, ndiko namba zinazoanza na 85 ziko. Betri inabaki 8507 hata ikija na vitu vya kuisaidia kuhifadhi na kutoa umeme ama kuilinda, kama konekta na sensa za joto. Sasa je, inveta yako inaingia hapo ama ni kazi nyingine? Hilo ndio uwaulize wazi kwa barua. Msamaha wa sola uko Jedwali la Tano la hiyo sheria ya forodha, ni swali tofauti na namba, usichanganye.

KkooMchakato:
Nashukuru sana wakuu. Wakinipa namba nisiyoikubali je?

Wakala_Kurasini:
Kifungu cha 229 cha sheria hiyo hiyo, una siku 30 kuomba wapitie upya, nao siku 30 kukujibu, bado hujaridhika unaenda Bodi ya Rufani za Kodi. Ila proforma (ankara ya awali ya muuzaji) kama inaisha wiki hii ongea na muuzaji akuongezee muda, hela usitume kwanza.