Sare za harusi: nimetolewa kwenye picha ya mwanangu mwenyewe

Wenzangu, leo nasema, na atakayenuna anune.

Jumamosi iliyopita ameolewa mtoto wa dadangu mkubwa. Msichana huyu, mamake alipokuwa Saudia kwa kazi za nyumba, alikaa kwangu Kisauni miaka minne. Nimemuogesha mimi, nimemsuka mimi, madrasa nimempeleka kwa mkono wangu. Basi usiku wa kupamba, bi harusi keshaketishwa kitini, hina imemkolea mpaka viwikoni, nami nimesogea nisimame ubavuni mwake tupigwe picha. Yule binti wa kupiga picha akainua mkono: "Mama wa zambarau, hebu toka kidogo, unaharibu rangi."

Mama wa zambarau ndiye mimi. Wote walikuwa wamevaa kijani cha shanga, mimi nimevaa gauni langu la Idi. Nikangoja bi harusi aseme neno. Akanitazama, akainamisha macho, akaitazama hina yake. Nikatoka. Nikaenda kuketi nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na mama mmoja ambaye pia hakuwa na sare, na pilau ikatufikia baada ya watoto.

Wacha nianze mwanzo. Grupu la WhatsApp lilifunguliwa miezi miwili kabla, watu 112. Siku ya kwanza dua na maua. Siku ya pili ikashuka orodha. Usiku wa hina, leso sare, jozi moja 800. Kupamba, kitambaa cha shanga kutoka Biashara Street, 3,800, na hapo hujamlipa fundi. Walima, dera la pichi, 1,500. Halafu mchango 5,000 kila nyumba. Nikamuuliza fundi wangu wa Bondeni, akasema kile kitambaa hashoni chini ya 2,000, maana shanga zinamvunjia sindano. Jumlisha mwenyewe: 13,100.

Mimi nauza viazi karai na bhajia jioni. Siku ikiwa njema sana naingiza 600, na hapo mafuta na unga wa dengu sijatoa. Bwanangu ni tanboi wa malori, na tangu makontena yaanze kupandishwa treni ya SGR kwenda Nairobi mwaka 2018, kazi yake haijarudi ilivyokuwa. Nyumba ngapi za Mombasa ziko hivi? Mwazijua kuliko mimi.

Nikaandika kwenye grupu, kwa adabu kabisa: "Assalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Mchango nitatoa, na kupika nitakuja tangu alfajiri. Ila sare tatu ni nyingi, tuchague moja, leso ya usiku wa hina yatosha, asiye na uwezo asione haya kuja."

Kimya. Watu wamesoma, nawaona wamesoma. Wifi yangu ndiye aliyevunja ukimya: "Kuna watu harusi za wenzao zinawauma." Vikafuata vile vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Kisha shangazi yetu, mtu mzima ninayemheshimu, akatuma sauti: "Mwanangu, mkataa wengi mchawi. Huyu yuwataka kutuaibisha mbele ya wakwe." Usiku huo huo orodha ya majina ikawekwa upya, kila aliyelipa ana alama ya tiki, na jina langu likashushwa chini kabisa, peupe.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonichoma ni hiki: wakati kule kwenye grupu vikatuni vinanicheka, inboksi yangu ilikuwa inawaka moto. Watu tisa! "Dada umesema kweli, Mungu akulipe." "Hata mimi sina, lakini usinitaje." Mmoja amenieleza kwamba amekwenda kuweka rehani herini zake za dhahabu, alizopewa na marehemu mamake, ili apate ile kijani. Mwengine amekula pesa za chama, zamu yake haijafika, sijui atawalipaje wenzake. Na kati ya hao tisa, wawili ni wale wale waliotuma vikatuni. Wallahi nimerudi kwenye grupu nikahakikisha. Mkono mmoja wanicheka, mkono wa pili wanipa pole.

Kijana wangu anayesoma chuo, nilipomwonyesha, akacheka akasema hili limepimwa zamani. Ati mwaka 1951 huko Marekani profesa aitwaye Solomon Asch aliwaketisha vijana chumbani, akawaonyesha mistari, akawauliza upi uko sawa na huu kwa urefu. Jambo la wazi, mtoto wa chekechea angejibu. Lakini waliokuwa chumbani wote walikuwa wamepangwa waseme uongo, isipokuwa mmoja tu asiyejua kitu. Katika kila wanne waliojaribiwa hivyo, watatu walifuata uongo wa wenzao japo mara moja. Nikamwambia hao wamekubali kwa mistari ya kuchorwa, hata wifi hawana! Akanijibu, "Mama, ngoja nimalize." Kumbe profesa alipomwekea yule kijana mwenzake mmoja tu wa kusema ukweli kwa sauti, kufuata uongo kukapungua sana.

Mmoja tu. Mimi nilikuwa na tisa, wote inboksi.

Halafu kuna wanaoniambia ni mila. Mila gani? Kumfunda bi harusi ni mila, singo ni mila, kumpamba akatolewa nje ni mila. Kulipa 3,800 za shanga za plastiki zinazokwaruza makwapa hiyo ni mila ya lini? Na dini tusiisingizie, kwa maana Mtume alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Rangi hakuitaja.

Sisemi kwamba kutaka kuonekana kumeletwa na simu. Nyanyangu akitusimulia habari za lelemama, ngoma ya wanawake hapa mjini, na vyama vyake Ibinaal Watan na Banu Saada, wanawake wakishindana kwa nguo, nyimbo na karamu, hawa wakipika vile wale wapike kuwashinda. Lakini ule ulikuwa ushindani wa chama na chama, wa watu walioingia kwa hiari yao, na raha yake waliipata. Huu wetu ni wa kumchungulia jirani mfukoni, na asiyeweza awekwe karibu na sufuria.

Na kitambaa chenyewe huvai tena! Harusi ijayo rangi ni nyengine. Fungua kabati ya mwanamke yeyote kuanzia Likoni hadi Bamburi, utaona kijani cha fulani, maruni ya fulani, buluu ya fulani, kila moja imevaliwa saa nne.

NYONGEZA: Mnaoniuliza kwa nini sikukopa kama wengine, jibu ni kuwa nilikuwa na karo ya mtoto. Mnaosema nimeona wivu, huyo bi harusi ni mwanangu, rudini mkasome juu. Na huyo anayesema ningebaki nyumbani: nilikuwa pale tangu saa kumi za alfajiri nikimenya vitunguu gunia zima, na hapo hakuna aliyeniuliza rangi ya nguo.

NYONGEZA ya pili: Dadangu alinipigia juzi. Hakutaja picha. Aliuliza kama sinia zake mbili zimebaki kwangu.

Na jana usiku nimeingizwa kwenye grupu jipya, akika ya mtoto wa binamu yetu. Watu 84. Sare ni dera la rangi ya krimu, 1,700, mwisho wa kulipa tarehe 15. Nikaandika: "Nitakuja, na nitavaa nguo zangu." Mpaka sasa hakuna aliyejibu. Inboksi zimefika tatu.