Wauza mtumba na mafundi turubai wa Mwanza, punda sio meza ya kutandika kitambaa!

Wakuu habari za asubuhi, japo kwangu sio nzuri hata kidogo. Saa kumi na moja na nusu nimetoka na tochi kwenda zizini, nakuta punda wangu Bibie amesimama kwenye kona, mguu mmoja wa nyuma umeingia kwenye mkanda, blanketi lote limezunguka limening'inia chini ya tumbo kama machela, anatetemeka, halafu ananiangalia kama mi ndo nimemfunga. Na kweli ni mimi. Nimekata ule mkanda kwa kisu cha samaki, elfu 45 ya blanketi na elfu 15 ya fundi zikadondoka kwenye matope mbele ya macho yangu.

Kwa wasionijua, mi niko Kayenze, nina punda watatu, tunabeba dagaa, maji na tofali kwa mkokoteni. Bibie ndo mkubwa wao, umri umeenda, ila ndo amelipa ada za watoto wangu wawili kwahiyo mtu asije hapa kuniambia "punda tu". Mvua zilipoanza mwaka huu akaanza kukohoa, anashinda amejikunja, hataki kula. Bwana mifugo akaja akamsikiliza kifua, akamchoma sindano, akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria miaka yote nimefuga. Punda sio kama farasi, manyoya yake hayamwagi maji vizuri, yanaloana mpaka kwenye ngozi, maana asili yake ni nchi kavu za kule Pembe ya Afrika. Na nyie mnaijua mvua ya huku, inatokea ziwani usiku wa manane na upepo wake, sio ile ya kunyesha ukiwa umeshajiandaa. Akasema mtafutie banda la bati au mfunike akae mkavu mpaka apone.

Banda linajengwa, nisije nikaulizwa huko chini. Kiwanja changu nusu ni mawe, kila nikichimba shimo la nguzo nakutana na jabali, wana Mwanza mnanielewa. Kwahiyo nikasema kwanza nimfunike.

Ndo nikaenda mjini kwa jamaa mmoja wa mtumba, sitamtaja na kibanda chake sitakitaja. Ana marobota ya mablanketi na maturubai, nikamwambia nina punda anaumwa. Akachomoa kitu cha rangi ya bluu iliyokoza, nje turubai zito, ndani laini, kina mikanda na klipu kibao, akasema "hili ndo lenyewe mzee, blanketi la punda kabisa, la Uingereza". Nikafurahi. Nikauliza saizi, akageuza lebo akasoma 1200D, akasema hiyo D ni "donkey". Nikalipa wakuu. Nikalipa na shukrani juu.

Nilivyofika home binti yangu akaisoma lebo yote kwenye simu. Hiyo D haina uhusiano na punda, ni unene wa uzi uliofumiwa lile turubai, namba ikiwa kubwa ndo gumu zaidi kuchanika. Pale pembeni palikuwa na 6'3", hiyo ndo saizi, futi 6 na inchi 3, yaani kama sentimita 190 kutoka katikati ya kifua mpaka nyuma ya paja. Hilo ni la FARASI. Farasi mkubwa tu wa Ulaya. Bibie tulimpima baadaye ana sentimita 137. Tofauti ni nusu mita na zaidi, ni kama umnunulie mtoto wa darasa la kwanza koti la askari. Halafu kuna 200g, nikadhani ni uzito, kumbe ni sufi iliyojazwa ndani, gramu 200 kila mita ya mraba, ni la baridi ya kwao wakati wa theluji. Huku mchana jua likitoka baada ya mvua lile blanketi ni tanuri, niliingiza mkono chini yake saa nne asubuhi nikautoa umelowa jasho. Sasa nimemfunika asiloe, analoa kwa jasho lake mwenyewe.

Usiku wa kwanza nikamvalisha hivyohivyo. Upindo unagusa magoti. Mikanda ya tumbo, ile inayopishana chini kama herufi X, inabembea karibu na nyasi. Upepo wa ziwani ulipoingia kwa chini lilijaa kama tanga la mtumbwi, Bibie akakimbia zizi zima na wenzie wakakimbia, jirani akatoka akidhani kuna mwizi. Asubuhi limeteleza lote limeenda nyuma, kola ambayo ilitakiwa ikae shingoni iko katikati ya mgongo.

Nikampigia muuzaji. Maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Mzee punda ni punda, funga kamba". Funga kamba!! Nikamwambia nirudishe hela, akasema mali ya mtumba ikishatoka kibandani hairudi, na mbona alinikuta nimeridhika. Sasa mimi niliridhika kwa sababu ULINIDANGANYA, ungeniambia kweli kwamba ni la farasi ningeridhika vipi.

Ila huyo bado namuelewa kidogo, mtumba ni bahati nasibu, robota likifunguliwa hata yeye hajui kimeingia nini. Hasira yangu kubwa ni kwa fundi. Huyu ni fundi turubai, anashona viti vya hiace na maturubai ya malori, ana mashine nzito, mtu anayejiita fundi miaka ishirini. Nikampelekea nikamwambia punguza limtoshe punda. Nikamwambia njoo umpime, nakulipia bodaboda kwenda na kurudi. Akacheka. Akasema "punda nimewaona wengi, najua ukubwa wao". Akalitandaza chini, akaweka mguu juu, akachukua mkasi, AKAKATA NYUMA. Sentimita hamsini za nyuma zote akazitupa, akapiga upindo mmoja safi umenyooka kama shuka la hospitali, akasema tayari, elfu kumi na tano.

Wakuu naomba nielezwe na mafundi mlioko humu, mtu akiletewa suruali kubwa anakata miguu tu anaacha kiuno? Maana ndo alichofanya. Kule nyuma ndo kulikuwa na pensi, yaani ile mikunjo ya kubana kitambaa, zilizoshonwa kufuata duara la matako, ndo kulikuwa na kile kipande cha kufunika mkia, ndo kulikuwa na pete za mikanda ya miguu ya nyuma. Vyote vimeenda na mkasi. Shingo ameiacha ileile ya farasi, na shingo ndo ilikuwa ugonjwa wenyewe! Kola ikiwa pana blanketi linarudi nyuma kila mnyama akiinama kula, likirudi nyuma ukingo wake wa mbele unakaa juu ya mabega na kusugua, mnyama akiinua kichwa linambana, akiinama linasogea tena. Usiku mzima hivyo. Na punda hana ile nundu ya mabegani iliyoinuka kama farasi ya kuzuia kitu kisizunguke, mgongo wake umenyooka na tumbo ni pipa, kwahiyo lisipokaa sawa linahamia upande mmoja mpaka linageuka chini juu. Ndo nilichokikuta leo.

Halafu pete za miguu si amezikata, akanifungia kamba ya manila badala yake. Kamba ya manila kwenye paja la punda! Imeshamchuna pande zote mbili, na mabegani manyoya yametoka kiganja kizima, pamebaki pekundu. Punda aliyekuwa anakohoa sasa anakohoa na ana vidonda. Dawa ya kupuliza elfu nane nyingine. Na mkokoteni siwezi kumfunga wiki mbili au zaidi maana mkanda wa kifua unapita palepale penye kidonda, hiyo hasara sijaipiga hesabu na sitaki kuipiga.

Nilivyomrudia fundi na picha akaniambia "sasa mzee wewe ndo umeanza kumvalisha punda nguo". Watu wote pale kibandani wakacheka. Nikaondoka maana ningemtukana, na mzee wangu mmoja aliyekuwa amekaa pale akanifuata nje akaniambia ng'wanawane (mwanangu), huyo amezoea viti, viti havitembei. Ndo neno pekee la maana nililosikia siku ile.

Mi nimeshajifunza kupima sasa, kwa gharama yangu. Mnyama asimame sehemu tambarare, kichwa kawaida, dogo anamshikia ndoo ya pumba. Unachukua futi kamba, unaanzia katikati ya kifua pale shingo inapokutana na bega, unapita ubavuni kwa usawa, unaishia nyuma kabisa ya paja. Hiyo ndo saizi. Sio juu ya mgongo. Kisha unapima shingo pale kola itakapokaa, na kutoka uti wa mgongo kushuka mpaka juu kidogo ya goti. Mkanda wa tumbo uache upana wa kiganja kati yake na tumbo, ukibana hawezi kulala wala kupumua vizuri, ukilegea sana anatia kwato. Mikanda ya miguu ya nyuma mmoja unapita ndani ya mwingine ili isigusane na ngozi ya paja, kila mmoja unarudi kufungwa upande wake. Dakika tano! Ningekuwa fundi ningeona aibu kukataa kazi ya dakika tano.

Na lile lingewezekana kuokolewa, hicho ndo kinaniuma. Ungetoa sufi yote ukabaki na turubai la nje na bitana nyepesi, ukapunguza MBELE, ukabana kola, ukakata ubavuni, ukahamisha mikanda kufuata kimo chake, nyuma ungeacha na duara lake. Pale juu ya mabega ungeshonea kitambaa laini. Sasa limebaki kipande hata kufunika mahindi hakitoshi vizuri.

Nyongeza: Nimeona majibu mengi ya utani, sawa chekeni. Yule aliyeandika "muuze kwa wale wa ngozi" sijacheka. Biashara hiyo ya ngozi za punda imemaliza punda sehemu nyingi za Afrika mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wamekubaliana Addis Ababa kuisimamisha, na wewe unaniletea kama ushauri. Na huyo anayesema mnyama hana haki, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, isome kabla hujaendelea kuchangia.

Aliyeniuliza kwanini nisitumie viroba vya sandarusi kama watu wote, mkuu nimetumia miaka mingi, vinapitisha maji kwenye mshono na vinamfukuta, manyoya yanakatika kwa unyevu. Gunia la katani lina nafuu kwenye mgongo likiwa kavu, likiloa linakuwa zito na linavuta baridi yote.

Kwa dada aliyeandika kuwa ana mjomba Igombe anashona matanga ya mitumbwi, nimekutumia ujumbe, tafadhali jibu. Mtu wa matanga anajua kitu kinachopigwa na upepo, huyo namwamini kuliko wa viti. Nina turubai jipya mita tatu, nina klipu zangu nilizozitoa kwenye lile la zamani, vipimo vyote nimeviandika nyuma ya daftari la binti.

Na fundi wa viti, najua unapita humu maana vijana wako wameshanitumia vicheko. Jumamosi nakuja mjini. Siji na picha tena. Nakuja na Bibie mwenyewe, namfunga mbele ya mashine yako, na futi kamba nakuja nayo, kama huna.