Naomba ushauri: mchango wa kisima cha pamoja

Assalaam alaykum ndugu wanachama. Sisi wakaazi wa nyumba 11 huko Fuoni, Zanzibar, tunatumia kisima kimoja chenye pampu na tangi la juu, na umeme wake hununuliwa kwa mita ya Tukuza (ya umeme wa kulipia kabla) ya jirani ambaye kisima kimo ndani ya kiwanja chake. Kila nyumba huchangia kiasi sawa kwa mwezi, utaratibu ambao haukuwa na tatizo mpaka mmoja wetu alipojenga vyumba vya kupangisha uani, na sasa wapangaji wake wanateka maji tangu alfajiri huku yeye akilipa fungu la nyumba moja. Wazee wanataka tulifikishe suala hili kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu. Mimi naona ni mapema, kwani hatuna hata maandishi ya makubaliano ya kumwonesha. Fundi ameshauri kila nyumba ifungiwe mita ndogo ya maji (hapo ndipo wengi walipoanza kukohoa).

Waliokwisha kufunga mita hizo, pampu ikiungua mnagawana gharama kwa nyumba au kwa matumizi? Na mwenye kiwanja, aliyetoa ardhi yake bure, apunguziwe mchango?