Mrejesho: ile Vitz nyekundu iliyopauka

Shukran sana wadau. Niliuliza nitumie nini kwa Vitz yangu nyekundu, boneti limepauka kama limepakwa unga na plastiki za bampa zimekua kijivu, maana gari yalala nje huku Nyali, jua na chumvi ya bahari ni yake. Nikamfata yule aliesema waksi ije mwisho, nianze kuosha, klei (lile dongo la kunasa uchafu ulioganda kwa rangi) na maji ya sabuni, kisha kompaundi laini, ile dawa ya kusugua rangi iliyopauka, kwa mkono. Wallahi kitambaa kilitoka chekundu pyu, na ndo alivosema, rangi hii haina laka, ile tabaka angavu ya juu, kwahivo unachofuta ni rangi yenyewe, twende polepole. Boneti na milango sahi vyang'aa, maji yateleza tu.

Paa limekataa. Rangi ishaisha hadi praima, ile rangi ya chini, yaonekana, hapo ni fundi wa kupiga rangi tu, hakuna polishi ya kulirudisha.

Plastiki nazo, ile dawa ya kung'arishia tairi mvua moja tu ikaondoka nayo, bora ile ya kurudishia weusi, mpaka leo ipo. Na zibeni plastiki kwa teipu kabla ya waksi jamani, ikigusa yaacha madoa meupe.