Tupeane uzoefu: napier (nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe) iliyodumaa ilikula pesa ngapi kwako?

Wakulima wenzangu, naanza mimi. Niko Bungoma, ng'ombe wawili wa maziwa, nusu ekari ya napier. Zamani nikikata, inarudi kunizidi kimo. Siku moja iliyochipua ikawa na majani membamba ya manjano, vishina vingi vimesongamana kama ufagio, urefu wa goti basi. Nikasema udongo umechoka. Nikamwaga samadi, nikaongeza mbolea ya CAN. Pesa ya kwanza kupotea ndiyo hiyo, maana fitoplasma, bakteria wa ugonjwa huu wa kudumaa, imo ndani ya mmea, mbolea haiifikii. Visiki vikafa kimoja kimoja. Ng'ombe mmoja anataka karibu kilo 70 za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo nikawa mteja wa bodaboda: mzigo 300 asubuhi, mwingine jioni. Maziwa yakatoka lita 14 hadi 6. Wewe je?

mama_wawili (Busia): Vipando vyangu nilipewa bure na wifi. Bure! Awamu ya kwanza ilimea vizuri, hata nikamtumia ndizi za shukrani. Ugonjwa ulijitokeza baada ya kukata mara ya pili. Niliuza mtamba mwenye mimba ili nimlishe mama yake. Mpaka leo sijamwambia wifi, nitaanzaje?

kiambu_maziwa: Huku kwetu ni ugonjwa mwingine, wa unga mweusi. Napier inatoa masuke ikingali fupi, ukiligusa moja mkono unakuwa kama wa mchoma makaa. Nilipanda aina ya napier iitwayo Kakamega 1, nimetulia sasa.

mwanzilishi: Tusichanganye, ndugu. Kakamega 1 inahimili huo wa unga mweusi. Huu wa kudumaa ni mwingine, mimi nilihamia hiyo hiyo Kakamega 1 na ikadumaa.

shamba_dogo (Vihiga): Mimi napier nilipanda kuzunguka mahindi, na desmodium, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, vile tulivyofundishwa, ili kipekecha, mdudu anayetoboa mabua ya mahindi, avutwe nje akatage kwenye napier. Napier ilipodumaa nikapoteza majani na ulinzi wa mahindi kwa mpigo. Nimeweka brachiaria, nyasi nyingine ya malisho, pembeni. Mbegu yake ni ghali kweli, lakini ng'ombe wanaimaliza yote, hata shina hawabakishi.

mama_wawili: Shamba lenyewe ulilisafishaje?

shamba_dogo: Jembe. Kisiki na mizizi yake yote, nikakausha nikachoma. Vijana wawili, siku tano, chai na chakula juu yangu. Kukata juu tu ni kujidanganya, kinachipua tena kikiwa na ugonjwa wake, na vile vidudu vinavyorukaruka majanini vinanyonya hapo na kuupeleka kwa jirani. Panga nalo nilikuwa naliosha kabla ya kuingia upande ulio mzima.

kiambu_maziwa: Siku tano za vibarua! Hiyo hakuna anayeiandika kwenye daftari.

pikapu_ya_majani: Nimesoma yote nikanyamaza, lakini acha niseme. Kwa miaka minne niliuza majani na vipando kandokando ya barabara, kutoka Bungoma kushuka. Nilikuwa nanunua mashamba yaliyodumaa kwa sababu ni rahisi, mwenyewe anataka yaondoke. Mabua yaliyofaa kidogo niliyafunga mafungu nikauza kama vipando. Sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ni jua.

mama_wawili: Wifi yangu alinunua vyake kwa pikapu. Ilikuwa ya rangi gani?