Unayeuguza mgonjwa nyumbani, kichwa chako kikoje? Tupeane uzoefu (Lindi na Mtwara)

Binti_Mikindani:
Wakuu habari zenu. Naomba tuliongelee hili maana huku kwetu kusini mgonjwa wa kitandani akisharuhusiwa toka hospitali ya Ligula au Sokoine kila anayekuja anauliza mgonjwa anaendeleaje, anayemuuguza haulizwi kitu. Na kila nyumba ni mtu mmoja tu ndo kabebeshwa, mara nyingi binti aliyeachika akarudi kwao, halipwi na shughuli zake zinakufa.

Mi namuuguza mama, kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki. Kazi ya mikono nimeizoea, usiku namgeuza kila baada ya masaa mawili asitoke vidonda, namvuta kwa kanga niliyomtandikia chini yake maana kumnyanyua peke yangu simwezi. Ambacho sijazoea ni kichwa. Usingizi ukikatika ndo basi tena, simu ikiita moyo unaruka, siku zingine nakaa jikoni nalia na hakuna aliyenikosea. Nilikuwa fundi nguo, wateja wote wamehamia kwa wengine. Ukisema umechoka unaambiwa vumilia, radhi ya mama hiyo. Radhi naitaka na nimechoka, vyote viwili ni kweli. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mtu_wa_Newala:
Pole sana dada. Mi namuuguza bibi, ugonjwa wa kusahau. Saa nane usiku anaamka anachukua ndoo anataka kwenda kuokota korosho, ukimshika mkono anakuita mwizi anapiga kelele mpaka majirani wanatoka, na wakitoka macho yote kwangu kana kwamba namtesa. Hiyo ndo iliyoniumiza kuliko kukesha. Shirika la Afya Duniani wanasema watu zaidi ya milioni 55 wana ugonjwa huu na asilimia 70 ya masaa ya kuwahudumia wanayabeba wanawake, mi niliposoma hivyo nilijisikia afadhali kidogo, kumbe siyo mimi tu niliye dhaifu.

Nachingwea_Kwetu:
Na sisi wanaume tupo jamani. Mke wangu alikuwa na kansa ya kizazi, mionzi mpaka Ocean Road Dar, kurudi nyumbani namwogesha mwenyewe, nafua, napika. Watu wakasema nimelishwa limbwata. Marafiki wakapungua mmoja mmoja, nikawa siongei na mtu, mwili unauma kila mahali, nikipima presha iko juu.

Mzee_Kilwa:
Mama zetu waliuguza miaka na miaka bila kulalamika. Ni ibada hiyo, msiiharibu kwa manung'uniko.

Mwera_Asilia:
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, mama zetu walikuwa wengi kwenye mji mmoja, huyu anachota maji yule anakaa na mgonjwa. Sasa hivi vijana wote Dar, kabaki mmoja.

Dada Mikindani, mi nilikonda mpaka watu wakadhani ndo mgonjwa mwenyewe. Kaka zangu wakishauza korosho mnadani wanatuma hela, wanaona wamemaliza. Nikaenda kwa mjomba, maana kwetu mjomba akisema amesema, nikamwambia sitaki hela, nataka usiku. Akaja akalala kwetu siku moja, akaona mwenyewe baba anavyoamka na ninavyobadilisha mashuka. Asubuhi hakuongea sana, aliita kikao cha ukoo na zamu zikapangwa hapohapo, kila wikiendi anakuja mtu kulala. Usiku wa kwanza kulala moja kwa moja mpaka alfajiri niliamka nalia. Kwa hiyo usiombe hela dada yangu, omba usiku.

Nesi_Masasi:
Naongezea kitu. Ukiona huzuni au kukosa hamu ya kila kitu inakukaa wiki mbili na zaidi, usingizi hamna, chakula hakipiti, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Nenda kituo cha afya ukaandikishe jina LAKO siyo la mgonjwa, wengi wanakuja na mgonjwa mgongoni wanasahau kujisema. Na yeyote anayepata mawazo ya kujiua, au ya kummaliza mgonjwa ili wote mpumzike, asikae nayo ndani, aseme leoleo kwa mtu aliye karibu na aende hospitali. Mawazo hayo yanawapata hata watu wenye upendo mwingi.

Binti_Mikindani:
Nimesoma zote mara mbili. Mdogo wangu yuko Lindi mjini, nimempigia sasa hivi, nimemwambia njoo ulale, hakukataa ila anaogopa kumlisha maana mama anapaliwa. Nimwelekeze vipi?

Nesi_Masasi:
Amkalishe wima kabisa, mito mgongoni, kidevu kishuke kidogo. Uji uwe mzito, mwepesi ndo unapalia haraka. Kijiko kidogo, aweke mdomoni upande wa kushoto wenye nguvu, asubiri ameze ndo aongeze. Akimaliza asimlaze mpaka nusu saa ipite. Akikohoa sana au sauti ikawa kama ina maji, aache kumlisha na ampeleke hospitali akaangaliwe. Akifika mwache alishe yeye mbele yako mara ya kwanza, halafu we kalale.